Safari ya Kwenda Kumsamehe Dada Damari

Niseme kosa langu kwanza, kabla Mama Elisha hajawasimulia kwa namna yake. Nilisimama kanisani, mbele ya watu wazima wenye akili zao, nikasema uongo kwenye ushuhuda.

Tulikuwa tumemaliza wiki sita za darasa la kukua kiroho. Mwinjilisti wetu alitufundisha kila Jumatano jioni kwamba Mkristo hakui kwa kuhesabu Krismasi alizokula pilau, anakua kwa matunda. Siku ya mwisho kila mmoja alitakiwa asimame ataje tunda alilozaa, na atakayeonekana amekomaa apewe ulezi wa waumini wapya. Mlezi hukaa kiti cha mbele, kile chenye mto. Mimi nina mgongo.

Mama Elisha alisimama kabla yangu akasema ameacha kusengenya. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, ingawa asubuhi ile ile alikuwa amenipitisha kwenye ndoa tatu za watu kwa kirefu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema nimeacha kusinzia wakati wa mahubiri. Lakini baada ya makofi yale nikaona tunda langu dogo kama ndulele. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nimemsamehe dada yangu Damari wa Mashewa," nikasema, "aliyeniumiza miaka saba iliyopita. Sasa tumepatana kabisa. Tunapigiana simu kila Jumapili."

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijawahi kuvipata hata siku ya harusi yangu. Mwinjilisti alifuta macho kwa mkono wa koti. Kisha akasema neno lililonimaliza: "Jumapili ijayo mlete huyo dada. Asimame hapa pamoja nawe, kanisa lione."

Namba ya simu ya Dada Damari nilikuwa sina. Sauti yake sikuwa nimeisikia tangu siku tuliyomzika mama.

Nyinyi mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa nyumbani. Njia ya shambani naijua, ya mashine ya kusaga naijua, ya kanisani naijua. Handeni mjini huwa nafika nikiumwa, na Lushoto nimeiona kwenye kalenda. Sasa nilikuwa na mambo mawili mbele yangu: ama niende Mashewa nikaufanye ushuhuda uwe kweli kabla ya Jumapili, ama nisimame tena niseme nilidanganya. Nikaona afadhali kusafiri kuliko kutubu. Wiki sita za kukomaa, na hapo ndipo nilipokuwa nimefika.

Jumatatu nikakaanga maandazi thelathini ya kumpelekea dada, nikayapanga kwenye hotpoti. Jumanne asubuhi nikasimama barabarani.

MISIMA HADI KOROGWE, ILA KOROGWE NILIIPITA

Basi lilitoka Handeni, linakwenda Tanga kwa kupitia Korogwe. Nilipata kiti pembeni ya mzee mmoja wa Kimasai, mashuka mawili mekundu, fimbo katikati ya magoti, masikio yametoboka kiasi cha kupitisha kidole gumba. Nikamtazama, nikamhukumu palepale. Nikasema moyoni: Bwana amenipa kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Habari ya safari?"

"Njema. Mzee, samahani nikuulize. Yesu unamjua?"

Akafikiri. "Kidogo," akasema.

Hiyo "kidogo" ndiyo niliyokuwa naitaka. Nikafungua hotpoti, nikampa andazi, halafu nikaanza wiki ya kwanza. Nilimpa somo lote jinsi nilivyolipokea, pamoja na kikohozi cha mwinjilisti. Tofauti ya Mkristo mchanga na aliyekomaa. Dalili za aliyedumaa. Mzee alikuwa msikilizaji mzuri sana, anatikisa kichwa, anatafuna taratibu. Andazi la pili akapokea, la tatu akapokea. Tulipovuka daraja nikamwonyesha mto, nikautumia kwa somo la ubatizo. Kondakta akapita anapiga kelele, nikamwona kama mtu anayenisumbua kwenye ibada. Nilikuwa nimefika wiki ya nne, msamaha, na hapo nilichangamka kweli, nikamtaja na dada yangu kama mfano.

Nilipomaliza niliinua macho nikaona mkonge pande zote mbili.

"Mzee, hapa ni wapi?"

"Hapa tunakaribia Segera."

"Na Korogwe?"

"Imebaki nyuma," akasema. "Ulikuwa kwenye msamaha."

Tulishuka wote Segera. Nilikuwa nafikiria namna ya kumwombea mzee wangu kabla hatujaachana, mara wakaja watu sita hivi, wanawake kwa wanaume, wakampokea begi. Mmoja akasema, "Karibu mchungaji, kwaya imeshafika, wanakusubiri wewe tu."

Nikageuka kutazama ni mchungaji gani.

"Wewe ni mchungaji?" nikamuuliza mzee.

"Mwaka wa ishirini huu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama namjua, nikakujibu kweli. Namjua kidogo." Akaweka fimbo begani. "Halafu nikadhani unajihubiria mwenyewe. Nikaona vibaya kukukatiza."

Wale wenyeji wake wakatazama chini kwa heshima, lakini mabega yao niliyaona yakitikisika kwa kicheko. Mzee akapiga hatua mbili, akarudi.

"Mama, huyo dada uliyemtaja. Alikukosea nini hasa?"

"Ni habari ndefu, baba mchungaji."

"Tumekaa pamoja safari nzima," akasema, "na maneno hukupungukiwa." Akaondoka na kwaya yake.

SEGERA, NA BEI YA MAANDAZI

Segera ni mahali ambapo kila mtu anakwenda kwingine. Wa Tanga, wa Arusha, wa Dar, wote wanapita hapo wakiwa na haraka, na anayetaka kurudi Korogwe anaonekana kama mtu aliyesahau kitu. Magari ya kurudi yalikuwa yamejaa, na yasiyojaa hayakusimama. Nikanunua hindi la kuchoma, nikaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, nikaweka hotpoti mapajani.

Swali la mzee lilikuwa limenikaa. Alinikosea nini hasa? Nikajijibu kama ninavyojijibu siku zote: siku ya mazishi ya mama, mbele ya waombolezaji wote, Damari aliniambia maneno makali, akaniaibisha. Nikaondoka hata matanga hayajaanuliwa. Ndiyo hivyo. Nilipoyapanga hivyo yalikuwa mafupi kuliko nilivyozoea kuyaona, kwa hiyo nikala andazi.

"Mama, maandazi bei gani?"

Alikuwa dereva wa lori, jitu la miraba minne, amesimama mbele yangu anatafuta chenji.

"Hayauzwi, mwanangu. Ni ya dada yangu."

"Dada yako yuko wapi nimuulize yeye?"

"Yuko Mashewa."

Akacheka. "Yaani umekaa mahali pa biashara, umefungua hotpoti, watu tunaona, halafu unaniambia mwenye mali yuko Mashewa. Mama, wewe ni mtu wa wapi?"

"Misima."

"Wazigua bwana." Akaangalia jua, akaangalia hotpoti. "Mimi naelekea Korogwe. Nipe mawili, panda."

Nikampa mawili. Lakini yule dereva alikuwa mtu wa kula huku anaendesha, na hotpoti ilikuwa katikati yetu. Kila tulipofika kwenye tuta alisema, "Mama, niongeze, tuta limenitikisa." Barabara ya Segera hadi Korogwe ina matuta mengi kuliko nilivyodhani. Niliposhuka nilihesabu yaliyobaki yakawa tisa, na mengine nakiri nilikula mimi kwa mawazo.

KOROGWE, KWA MTANI WANGU

Gari la Mashewa lilikuwa limeshaondoka. Nikalala gesti ya karibu na stendi, na sina la kusimulia zaidi ya kwamba mto wa kichwa ulikuwa na harufu ya kichwa cha mtu mwingine.

Asubuhi ya Jumatano nikaenda kunywa chai kwa mama ntilie mmoja, Msambaa, mnene, mikono imejaa unga. Aliposikia lafudhi yangu tu akaanza.

"Mtani wangu, mmeshiba lini huko mpaka mkaanza kusafiri?"

"Tumekuja kuwafundisha kupika," nikamjibu.

"Basi anza na chombo hicho, kina nini?"

"Maandazi ya dada yangu."

Akalichukua moja bila kuomba, akalibonyeza, akalirudisha. "Huyo dada yako ana meno?"

Watu waliokuwa wanakula pale wakafurahi. Na mimi nikafurahi, nikasahau tena kilichonileta, na alipouliza naenda kwa nani nikajibu kwa raha zangu: "Naenda Mashewa kwa dada yangu Damari, tunapendana sana, kila Jumapili tunaongea kwenye simu." Unaona jinsi uongo unavyozoea mdomo. Mara ya pili hata haukubisha hodi.

Mama ntilie akasimamisha mwiko. "Damari yupi? Mwembamba mrefu, mwenye shamba la mpunga kule bondeni?"

"Huyo huyo."

"Damari mimi ni rafiki yangu. Akija mjini anakula hapa. Mwaka jana alipougua alilala kwangu wiki nzima, nikamuuliza kama kuna ndugu wa kumpigia, akasema wa kwao wote walishakwisha." Akanitazama kwa utulivu, utani wote umemtoka. "Sasa wewe umetoka wapi?"

Chai niliyomeza hapo ilikuwa na vijiti. Nikasema labda ni Damari mwingine. Akasema labda. Aligoma kupokea malipo ya chai, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Stendi gari la Mashewa lilikuwa limejaa, nikamshukuru Mungu. Dereva alikuwa amewasha injini, anakanyaga mafuta, anavuta mbele hatua moja na kurudi nyuma hatua moja. Nikalipia kiti kimoja kilichobaki, nikakaa. Ndipo watu wanne walioketi mbele yangu wakashuka, wakaenda kucheza drafti. Walikuwa wamepandishwa kuvutia abiria. Nikakumbuka mkutano wetu wa injili wa mwaka jana, jinsi wanakwaya walivyotangulia mbele wote wakati wa kuitwa waliotaka kuokoka, ili wengine wasione aibu. Tukakaa pale saa nne nzima, tunavuta mbele na kurudi nyuma. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kushuka na kurudi Misima. Miguu iliinuka mara mbili. Kilichonirudisha kitini si imani. Ni yule mama ntilie, alikuwa amesimama mlangoni kwake ananiangalia.

MASHEWA, NA SHIKAMOO ILIYOBAKI HEWANI

Vumbi la njia ya Mashewa nilifika nalo. Nywele nyekundu, nyusi nyekundu, kanga haijulikani rangi. Nikaelekezwa nyumba, maana miaka saba ilikuwa imenisahaulisha njia. Njiani nilikuwa narudia hotuba yangu, niliyoitunga tangu Misima: nitaingia, nitasimama wima, nitasema, "Dada, mimi nimekusamehe," halafu nitafungua mikono.

Nilimkuta Damari barazani na majirani wawili, wanapukusa kunde kwenye ungo. Amezeeka. Mikono yake imekuwa ya mama kabisa, na hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

Hapo nikagundua tatizo ambalo darasa letu halikuligusa. Damari ni mkubwa wangu kwa miaka tisa. Siwezi kuingia kwake na kufungua mdomo kwa neno lingine lolote kabla sijamwamkia. Na ukishampa mtu shikamoo, umejiweka chini yake. Huwezi tena kumshushia msamaha kutoka juu. Nilisimama pale na hotuba yangu kama mtu aliyebeba kitanda akakuta mlango mwembamba.

"Shikamoo dada," nikasema.

Majirani wakamgeukia. Damari akapukusa kunde moja. Akapukusa ya pili.

"Umekula?" akasema.

Hakuitikia. Mbele ya watu, shikamoo ya mdogo wake aliyetoka Misima ameiacha hapo hapo ilipoangukia. Nyinyi mnajua kwetu hilo ni jambo gani. Mtu anaweza kukutukana na bado akaitikia shikamoo yako. Nilisema nimekula, ingawa sikuwa nimekula.

"Umeleta nini?"

Nikampa hotpoti. Akafungua. Mengine nilikuwa nimeyamaliza stendi nikingoja gari lijae; yalikuwa yamebaki matatu, ya juzi. Jirani mmoja akachukua moja akaligonga kwenye ukuta.

"Damari, haya tusiyatupe," akasema. "Haya ni ya kombeo. Ndege wataipata."

Dada hakucheka. Akaniambia shemeji amekwenda milimani kwa ndugu zake, mpunga umeanza kukomaa na ndege wanaumaliza, kwa hiyo kesho alfajiri tunakwenda kuamia. "Mgeni wa hapa hakai bure," akasema. Akanitandikia, akanipa maji ya kuoga ya moto, akanipa bada, ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga, sahani imejaa. Kila kitu alinipa isipokuwa neno moja.

BONDENI, JUU YA DUNGU

Kuamia ndege ni kazi ya mdomo. Mnapanda juu ya dungu, jukwaa la miti lenye paa la makuti, kamba zimefungwa makopo kutoka hapo mpaka kila pembe ya shamba. Ndege wakishuka mnavuta kamba, mnapiga kelele, na waliokaidi unawatupia donge la udongo kwa kombeo. Kuanzia mwanga unapotoka mpaka jua linazama. Ukinyamaza kidogo tu umeliwa.

Siku ya kwanza, Alhamisi, hatukuongea. Yaani mimi na yeye. Ndege tuliongea nao sana. Damari ana sauti, na kadiri jua lilivyopanda nikaanza kusikia kwamba kelele zake si za ndege peke yao.

"Nendeni kwenu huko," anawaambia. "Kulima hamkuja, kupalilia hamkuja, mnakuja wakati wa kula."

Nikavuta kamba. Baada ya muda nikasema na mimi, nikiwatazama ndege hao hao: "Wengine wametoka mbali, wamechoka tu."

"Mbali ni wapi? Ndege anayetaka kufika anafika."

"Labda walikuwa wanaogopa kufukuzwa."

"Walifukuzwa na nani? Mlango ulikuwa wazi miezi minane."

Kombeo likalia. Tuliendelea hivyo mpaka jioni, kila mtu anamtazama ndege wake. Mkulima wa shamba la pili alituuliza kama ndege wetu wana mashtaka.

Ijumaa asubuhi sauti yangu ilikuwa imekwisha. Labda ndiyo sababu. Mtu akibaki na sauti ya maneno kumi tu kwa siku, anachagua. Jumapili ilikuwa kesho kutwa. Nikamwambia Damari yote, kwa kunong'ona: darasa, tunda, Mama Elisha, kiti chenye mto, simu za kila Jumapili, na kwamba nimekuja kumchukua asimame nami kanisani.

Alicheka mpaka dungu likatikisika na makopo yote ya shamba yakalia. Ndege walipaa kote bondeni. Nikacheka na mimi, nikadhani imekwisha, kumbe ilikuwa inaanza.

"Kwa hiyo umenisamehe," akasema, anajifuta macho. "Nini?"

"Maneno uliyoniambia kwenye mazishi."

"Nilisemaje?"

"Ulisema mbele ya watu kwamba machozi yangu ni mengi lakini hayakuwahi kupanda gari."

"Nilisema. Na kabla sijasema hivyo, wewe ulikuwa umesema nini?"

Nilikuwa nakijua. Miaka saba nilikuwa nakijua, na kila nilipoisimulia habari ile nilianzia mbele kidogo, hapo anapoanza yeye. Nilikuwa nimesimama mbele ya waombolezaji, nalia kuliko wote, nikasema mama amekufa kwa kutunzwa vibaya, na angekuwa Misima kwangu angekuwa hai.

Mama alilala mgonjwa kwa Damari miezi minane. Sikuja hata mara moja. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Sikuwa mgonjwa, wala njia haikukatika. Nilikuwa na kuku.

"Nilisema hukumtunza," nikanong'ona.

Damari hakunitazama. "Kila siku jioni alikuwa ananiuliza, Yunisi kafika wapi? Namwambia yuko njiani, mama. Kesho yake anauliza tena. Namwambia gari limeharibika, yuko njiani. Miezi minane nilimdanganya mama yangu kwa ajili yako, Yunisi. Alikufa akijua uko njiani."

Mimi ninayejua kulia mbele ya watu, pale sikupata chozi. Nilishuka kutoka kwenye kile kigogo nilichokuwa nimekalia, nikapiga magoti kwenye fito za dungu, zinauma kweli, nikasema, "Nisamehe dada." Hotuba ndefu ilikuwa haipo. Hata kama ingekuwepo, sauti haikuwepo.

Tulikuwa tumenyamaza muda mrefu na ndege walikuwa wameshuka, wingu zima, upande wa mfereji, wanakula bila hofu. Damari akasimama, akaweka donge kwenye kombeo, akalizungusha, akaliachia. Wakapaa.

"Marahaba," akasema.

Niliangalia chini nikidhani kuna mtu anapita njiani. Hapakuwa na mtu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anaitikia ile ya Jumatano.

Kisha akaniambia nivute kamba, wanarudi.

Jioni tulipokuwa tunatembea kurudi nyumbani nilimuuliza kama Jumapili atakuja Misima.

"Nije kusema nini? Nikisimama hapo nitasema kweli tupu, utazimia."

"Basi nitasema mwenyewe."

"Sema. Mimi mpunga nani ataniamia?" Akatembea kidogo. "Tunavuna mwezi ujao. Njoo. Njoo na mundu, maneno yaache huko huko."

KURUDI

Jumamosi nilirudi kwa siku moja. Njia ile ile ni fupi ajabu ukiwa huna la kuficha, nayo hainipi cha kuwasimulia, isipokuwa kwamba Korogwe nilipita kwa mama ntilie nikamwambia mimi ni mdogo wake Damari, tulikuwa hatusemezani na kosa lilikuwa langu. Akaniwekea chai na safari hii akapokea malipo.

Jumapili nikasimama. Mwinjilisti alikuwa anatazama mlangoni nyuma yangu, anamtafuta dada. Nikasema nilidanganya. Nikasema simu hazipo, msamaha nilioutangaza haukuwepo, na aliyekosa ni mimi. Nikataja na kuku. Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto mmoja alipiga chafya, basi.

Mwinjilisti akasema kwa upole kwamba kwa hali hii ingefaa nirudi darasa la wachanga, nianze upya. Kwa hiyo kila Jumatano mtaniona kwenye benchi la nyuma pamoja na waliobatizwa mwezi uliopita, magoti yananigusa kidevu, na mlezi wetu ni Mama Elisha. Anafundisha vizuri, inaniuma kukiri. Na mundu nimeshaunoa.

Mnaniuliza kama safari imenikuza. Sijui. Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nikijiona mti wa matunda na kumbe nilikuwa ndege.

Niliporudi kutoka kanisani siku hiyo nilimkuta jirani yangu Mama Zuhura anaanika ufuta uani kwake. Ni Mwislamu, hana habari na madarasa yetu, lakini ndiye aliyenisikiliza jioni zote za miaka saba nikimsema Damari. Nikaona anastahili kujua. Nikamsimulia yote, mpaka fito za dungu. Alisikiliza huku anatandaza ufuta kwa kiganja. Nilipomaliza nikangoja anipe pole.

"Sasa mimi je?" akasema. "Miaka saba nimemchukia yule mwanamke kwa ajili yako, hata kwa sura simjui, na nilimchukia kwa moyo wangu wote. Wewe umeshamaliza. Mimi nitatubu kwa nani?"